Bunduki Zilizotoka kwa Mlinzi

Mlima wa Chetambe unaanza kupanda mara tu unapoipa kisogo barabara kuu ya kwenda Malaba. Chini unauacha mji wa Webuye na bomba refu la kiwanda cha karatasi, na Mto Nzoia ukiteremka kwenye maporomoko ya Nabuyole. Juu hakuna jengo la kuonyesha. Mgeni aliyekuja akitarajia kuta za mawe kama za Fort Jesus atarudi amenuna. Kilichobaki ni handaki, mfereji mpana uliozunguka kilele, ambao mvua za zaidi ya miaka 100 zimeulainisha kingo hadi ng'ombe wanashuka na kupanda humo bila kujikwaa. Lilichimbwa na watu wa Chetambe wa Ifile, mzee wa Kitachoni, kuzuia maadui wa zama zake, ambao hawakuwa Wazungu.

Kila mtoto wa Bungoma ameshasikia kwamba hapa Wabukusu walipigana na Waingereza mwaka 1895. Ni kweli. Wengi wakisimulia, hufanya kama vita hivyo vilizuka kwa ajili ya kodi au mashamba, kwa kuwa ndivyo vita vingi vya wakoloni vilivyozuka. Lakini kodi ilikuwa haijafika, na mlowezi wa kwanza alikuwa bado hajaiona Kitale. Kilichogombewa ni bunduki. Zilikuwa za serikali, zilitoka mikononi mwa askari wa serikali, zikaingia vijijini, na serikali ikazitaka zirudi.

Watu wa Kitale hawahitaji kufundishwa habari za ghala. Mji wao umekulia kwenye mahindi, na mkulima yeyote wa Trans Nzoia atakuambia kwamba panya anasumbua lakini hafilisi. Panya anakula debe. Gunia zima huondoka na mwenye ufunguo. Nimekuwa nikilifikiria jambo hilo kila ninaposoma historia ya silaha katika kona hii ya Kenya, kuanzia Nzoia hadi miteremko ya Elgon na kuvuka hadi Karamoja, kwa sababu ni historia ya maghala. Na katika kila sura yake, kufuli lilikuwa zima.

Twende kwanza Brussels. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa 17, yakiwemo Uingereza, Ujerumani, Marekani, Uturuki, Uajemi na Usultani wa Zanzibar, yalitia saini mkataba wa kukomesha biashara ya utumwa. Ndani yake mlikuwa na vifungu vya silaha ambavyo leo vimesahauliwa na karibu kila mtu asiye mwanasheria. Vilichora mkanda kuivuka Afrika, kutoka latitudo 20 kaskazini hadi 22 kusini, na ndani ya mkanda huo bunduki zote zilizoingizwa ziliamriwa ziwekwe katika ghala la umma, chini ya macho ya serikali, kwa gharama ya mwenye mali. Bunduki ya gumegume na baruti ya kawaida zingeweza kuruhusiwa kuuzwa. Bunduki ya kisasa, ile ya kupakilia risasi nyuma, yenye mifuo ndani ya mtutu, haikutoka ila kwa kibali maalumu. Ilipaswa kuandikwa katika daftari, kugongwa muhuri, na mwenye kuibeba kupewa cheti chenye jina lake na alama ya muhuri uleule.

Ukiisoma leo utadhani imeandikwa na kamati ya juzi. Daftari, alama, cheti, ghala moja lenye msimamizi anayejulikana: karibu kila kitu ambacho wataalamu wa silaha wanakidai sasa kilikuwa kimeshaandikwa. Sheria ilimwogopa mfanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili, ikamwogopa mwindaji wa tembo wa Kizungu, ikamwogopa chifu. Iliyemwacha nje ni askari wa serikali yenyewe, kwani silaha za majeshi ya dola hazikuhesabiwa ndani ya masharti hayo.

Na askari wenyewe walikuwa akina nani? Waingereza walipoingia Uganda hawakuwa na jeshi. Mwaka 1891 Kapteni Frederick Lugard alikwenda hadi upande wa Ziwa Albert akawakuta Wasudani waliokuwa wa Emin Pasha, gavana wa Equatoria aliyekuwa ameondolewa na Stanley miaka miwili nyuma. Walikuwa wamebaki msituni chini ya Selim Bey, na wake zao, watoto wao, watumwa wao na bunduki zao. Lugard akawachukua wakawa uti wa mgongo wa utawala mpya. Watu hao walikuwa wamemtumikia Khedive wa Misri, kisha Emin, kisha hakuna mtu, kisha kampuni ya Lugard, kisha malkia wasiyemjua. Ujira wao ulikuwa rupia 4 hivi kwa mwezi, mara nyingi kwa vitambaa, na ukichelewa. Askari wa protektoreti jirani, upande wa pwani, walilipwa mara kadhaa ya hizo.

Kituo chao katika nchi hii kilikuwa Mumias, kwenye mji wa Elureko wa Nabongo Mumia, ambapo misafara kutoka Mombasa ilipumzika na kununua chakula kabla ya kuingia Busoga. Frederick Spire alikifungua kituo mwaka 1894, na mapema mwaka uliofuata akapokewa na Charles William Hobley. Kaskazini yao waliishi Wabukusu, ambao watu wa misafara waliwaita Kitosh, katika vijiji vilivyozungushiwa kuta za udongo na mahandaki.

Kwa mujibu wa kumbukumbu za Hobley, askari wa Kisudani walitoroka na bunduki zao, na bunduki hizo zikaishia mikononi mwa Wabukusu. Yeye akapeleka ujumbe kwamba zirudishwe. Wabukusu hawakuzirudisha. Masimulizi ya Wabukusu nayo yana upande wake: askari wa Mumias walikuwa wakija vijijini kama wanyang'anyi, wakichukua ng'ombe na kuwadhalilisha wanawake, na bunduki zilizobaki nyuma zilikuwa za watu waliostahili kuzipoteza. Sioni kwa nini simulizi moja iifute nyingine. Askari asiyelipwa huuza bunduki yake, au huitumia kujilipa, na mara nyingi hufanya yote mawili ndani ya mwezi mmoja.

Hobley akatuma kikosi cha askari 25 kwenda kuzichukua kwa nguvu. Karibu wote waliuawa. Na hapo hesabu ikageuka vibaya, kwa kuwa serikali iliyokuwa ikidai bunduki chache sasa ilikuwa imepoteza na nyingine za kikosi kizima, na heshima juu yake.

Agosti 1895 ikaja safari ya adhabu. William Grant alitoka Busoga na Wasudani, wakafuata mamia ya Waganda wenye mikuki, Wamaasai, na watu wa Mumia waliokuwa na visasi vyao vya zamani. Walianza na Lumboka. Ukuta ukavunjwa, watu wakauawa, waliosalia wakakimbilia Chetambe. Pale mlimani, mbele ya handaki lile ambalo leo ng'ombe wanalichezea, watetezi wenye mikuki, ngao na bunduki za kuhesabika walikutana na bunduki ya rashasha aina ya Hotchkiss. Handaki huzuia mtu anayekuja kwa miguu. Kwa risasi ni shimo tu lenye watu ndani. Ngome ikaanguka, ng'ombe wakachukuliwa, wanawake na watoto wakatekwa, na Wabukusu wakaomba amani. Sharti mojawapo lilikuwa lilelile la mwanzo: bunduki zirudi.

Kama mtu angeuliza siku hiyo nani alikuwa na kosa, jibu lingekuwa limeandaliwa: wezi wa bunduki. Miaka miwili baadaye Wasudani wenyewe walilisahihisha jibu hilo.

Septemba 1897 Meja Macdonald alikuwa Eldama Ravine akiandaa safari ndefu ya kaskazini, na baadhi ya askari aliopewa walikuwa wametoka vitani juzi tu. Walidai mishahara, walidai wake zao waende nao, walidai kupumzika. Tarehe 23 wakaasi, na bunduki zao mabegani wakarudi magharibi kupitia nchi ya Wanandi. Walipita Mumias wakiipora njia nzima, wakaenda hadi ngome ya Lubwa, Busoga, kando ya Ziwa Victoria. Pale hawakuhitaji kuvunja lango. Askari waliowekwa kuilinda ngome walikuwa ndugu zao. Walimkamata kamanda wao, Meja Thruston, wakaifungua ngome kutoka ndani pamoja na silaha zake. Thruston na Waingereza wawili waliokuwa naye waliuawa Oktoba. Ilichukua hadi Januari 1898 kuwaondoa.

Baada ya hapo Uingereza ikapandisha mishahara na kuleta askari wa Kihindi. Somo hilo walilielewa upesi, nadhani kwa sababu safari hii waliokufa walikuwa maofisa.

Nitapita haraka kwenye nusu karne iliyofuata, maana katika miaka hiyo maghala yalifungwa kweli. Walowezi walifika Trans Nzoia, wengi wao wanajeshi wastaafu wa Vita Vikuu vya Kwanza waliogawiwa mashamba, na reli ikafika Kitale mwaka 1926. Mzungu alikuwa na bunduki ukutani. Mwafrika akipatikana na risasi moja tu mfukoni alikuwa na kesi. Septemba 1947 Elijah Masinde na wafuasi wa Dini ya Msambwa walipanda Chetambe kuwakumbuka waliokufa 1895. Februari mwaka uliofuata polisi waliwafyatulia risasi wafuasi hao huko Malakisi wakawaua 11. Aprili 1950 Lukas Pkech, aliyeipeleka dini hiyo kwa Wapokot, aliuawa Kolloa pamoja na wafuasi zaidi ya 20 waliobeba mikuki. Maofisa watatu wa Kizungu walikufa pia. Likumbuke jina la Kolloa. Tutalirudia.

Sasa tuvuke mpaka. Ukitoka Kitale kupitia Makutano, ukateremka Kacheliba na kuingia Amudat, barabara inakupeleka hadi Moroto, mji ulio chini ya mlima wa jina hilo, ambako serikali ya Uganda ilikuwa na kambi kubwa ya jeshi. Miaka ya 1970 Wakaramojong walikuwa na sababu nyingi za kuichukia kambi ile. Askari wa Idi Amin waliwalazimisha kuvaa nguo za mjini na kuwapiga risasi waliokataa. Upande wa mashariki Waturkana walikuwa wameanza kuvamia na bunduki zilizotoka Ethiopia, na Mkaramojong alikuwa na mkuki. Mafundi wa Karamoja walijaribu kujitengenezea bunduki kwa mabomba ya chuma. Waliziita amatida, na kwa mujibu wa habari zake nyingi, zilimhatarisha mpigaji karibu sawa na aliyelengwa.

Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka mbele ya jeshi la Tanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni. Jeshi la Amin likavunjika kuelekea kaskazini. Askari wa Moroto nao wakaikimbia kambi, na kati ya kuondoka kwao na kufika kwa wale wapya zikapita siku ambazo ghala halikuwa na mwenyewe. Hapakuwa na vita. Hapakuwa na mlango wa kuvunjwa kwa baruti. Wamatheniko, tawi la Wakaramojong waliokuwa karibu, waliingia, wakaona safu za bunduki na masanduku ya risasi, wakaanza kubeba. Makadirio ya bunduki zilizotoka siku hizo yanatofautiana sana, lakini yote ni ya maelfu mengi.

Jambo la kushangaza katika habari za Moroto ni utulivu wake. Ukisoma jinsi ghala la jeshi linavyopotea, unategemea moto na kelele. Pale palikuwa kama shamba lililoachwa wakati wa mavuno: watu wakaja, wakachukua, wakaenda nyumbani, wakarudi tena.

Bunduki haitulii. Wamatheniko waliuza, walibadilishana, waliozesha mabinti kwa ng'ombe walionyang'anywa kwa bunduki zilezile. Wapokot, ambao wanaishi pande zote mbili za mpaka, walinunua au waliteka. Ndani ya miaka michache mtutu wa Moroto ulikuwa unalia Kacheliba, Sigor na kwenye kingo za Trans Nzoia. Kule Kolowa, ile Kolloa ya Lukas Pkech ambako mwaka 1950 watu walikufa na mikuki, bei ya AK-47 katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa ng'ombe 15. Kufikia mwanzo wa miaka ya 2000 ilikuwa ng'ombe watano. Mkulima wa mahindi anaelewa soko likishuka hivyo maana yake nini.

Katika mashamba ya Kwanza na upande wa Cherang'any walioishi miaka hiyo wanakumbuka jinsi jioni ilivyobadilika. Ng'ombe walifungwa mapema. Mlango wa zizi ulielekezwa nyumbani, si malishoni. Mahindi yakikua marefu yalikuwa baraka na hofu pamoja, kwani ndani yake mtu angeweza kujificha, na mwingine angeweza kukujia.

Serikali ya Kenya ilijibu kama Hobley. Mwaka 1984 jeshi liliingia Pokot Magharibi kutafuta bunduki. Wapokot wanaukumbuka mwaka huo kwa jina, Lotiriri, kama vile wengine wanavyoukumbuka mwaka wa nzige. Ng'ombe walikusanywa na kuzuiliwa ili wenye bunduki wazitoe, na katika ukame wa 1984 ng'ombe aliyezuiliwa hakukaa siku nyingi. Aliyekuwa na bunduki alivuka mpaka nayo. Aliyekuwa na ng'ombe tu hakuwa na pa kuvukia.

Naomba msomaji anivumilie nitoke kidogo nje ya Afrika Mashariki, kwa sababu kuna silaha moja ambayo dunia nzima inakubali kwamba ghala lake halina mzaha.

Kusini mwa bara hili, serikali ya makaburu ilitengeneza kwa siri mabomu sita ya nyuklia, na kuyahifadhi magharibi mwa Pretoria. Kila bomu liliwekwa kama nusu mbili, kila nusu katika chumba chake cha chuma, na ufunguaji ukagawanywa kwa watu mbalimbali ili asiwepo mtu mmoja, hata mkubwa wa namna gani, awezaye kulikamilisha peke yake. Makaburu hawakumwamini mtu mweusi, hilo tunalijua. Ghala lile linaonyesha kwamba kwa kitu kikubwa hivyo hawakujiamini hata wao kwa wao. Yalifumuliwa kabla ya utawala kubadilika, na tarehe 24 Machi 1993 F. W. de Klerk akalitangazia bunge kwamba yalikuwapo na hayapo tena. Miaka mitatu baadaye Waafrika walitia saini jijini Cairo mkataba unaoitwa Pelindaba, kwa jina la kituo cha atomiki kilicho jirani na pale, wa kuifanya Afrika nzima isiwe na silaha hizo.

Lakini hata kufuli la aina hiyo lina mtu nyuma yake. Agosti 2007, katika kambi ya jeshi la anga ya Minot, Marekani, wahudumu walikwenda ghalani kuchukua makombora yasiyo na vichwa vya nyuklia. Wakachukua sita yenye vichwa hivyo. Yakafungwa chini ya bawa la ndege ya B-52, yakalala usiku uwanjani, yakarushwa hadi kambi ya Barksdale, Louisiana, na kwa muda wa saa 36 hivi hakuna aliyejua kwamba yalikuwa yametoka. Kila hatua ilikuwa na mtu wa kukagua. Kila mkaguzi alidhani aliyemtangulia amekagua. Mwaka uliofuata waziri wa jeshi la anga na mkuu wa jeshi hilo waliondolewa kazini.

Wabongo nao wana kumbukumbu yao. Aprili 29, 2009 ghala la silaha la kambi ya Mbagala, Dar es Salaam, lililipuka, na Februari 16, 2011 likafuata la Gongo la Mboto. Kila tukio liliua watu zaidi ya 20, wengi wao raia waliokuwa majumbani mwao. Huko silaha hazikuibwa na mtu, zilijiondokea zenyewe.

Agosti ileile ya Minot, Mlima Elgon ulikuwa unaungua.

Kisa cha Elgon ni kisa cha ardhi, na sitaki kukifanya cha bunduki peke yake. Mwaka 1968 Chepkitale ilipofanywa hifadhi ya wanyama, waliokuwa wakiishi juu kule waliondolewa, na tangu 1971 serikali ikaanza kuwagawia mashamba Chebyuk. Ugawaji ulifanywa, ukafutwa, ukafanywa tena. Awamu ya tatu, mwaka 2006, ndiyo iliyozaa kundi lililojiita Jeshi la Kutetea Ardhi la Wasabaot, SLDF, chini ya Wycliffe Matakwei. Watu waliwaita vijana wa msituni. Walitoza kodi, waliendesha mahakama zao, walikata masikio ya waliokaidi, waliua. Human Rights Watch ilikadiria waliouawa nao kuwa zaidi ya 600, na makumi ya maelfu walihama kuteremka Chwele, Kimilili na kuvuka hadi Trans Nzoia.

Ardhi inaeleza kwa nini walipigana. Haielezi kwa nini vijana waliokuwa wakilima vitunguu na viazi walikuwa na bunduki za kivita. Mpaka wa Uganda uko hatua chache msituni, na soko lililofunguliwa Moroto mwaka 1979 lilikuwa na umri wa miaka 27.

Machi 2008 jeshi likaja na Operesheni Okoa Maisha. Wanaume na wavulana walikusanywa kijiji kwa kijiji wakapelekwa kambi ya Kapkota kuchujwa: nani ni wa msituni, nani anajua bunduki zilipo. Mashirika ya haki za binadamu yaliandika habari za mateso na watu waliopotea, jeshi likakanusha. Matakwei aliuawa Mei. Amani ikarudi Elgon, na hilo wenyeji wanalikiri, hata wale ambao mpaka leo wanatembea kwa fimbo kwa sababu ya siku zile za Kapkota. Ni Chetambe tena, na ni Lotiriri tena: ghala linavuja mahali pengine, wakati mwingine, na aliyeko karibu na bunduki siku ya msako ndiye anayeulizwa.

Mwezi Juni wa mwaka huohuo Small Arms Survey, taasisi ya utafiti yenye makao Geneva, ilitoa ripoti kuhusu risasi za Turkana Kaskazini. Watafiti walifanya kazi rahisi ambayo yeyote angeweza kuifanya. Walizigeuza risasi wakatazama kitako. Pale nyuma, kuzunguka kile kiduara kinachopigwa na pini, kuna maandishi madogo yaliyogongwa kiwandani: alama ya mtengenezaji na mwaka. Karibu nusu ya risasi zilizokuwa mikononi mwa raia, ripoti ilisema, zilitoka kwa polisi wa Kenya, na zilikuwa za kiwanda cha serikali kilichoko Eldoret. Kutoka Kitale hadi Eldoret ni mwendo wa saa moja na nusu kwa matatu. Tulikuwa tumezoea kunyoosha kidole Karamoja, Sudan na Ethiopia. Kidole kikarudi nyumbani.

Hazikuwa zimeibwa zote. Nyingi zilitolewa makusudi, ili wachungaji wajilinde mahali polisi hawafiki. Ndio mpango mzima wa askari wa akiba, ambao huku watu bado wanawaita homugadi: raia anapewa bunduki ya serikali na risasi kadhaa, halipwi mshahara, na anaambiwa akilinde kijiji. Bunduki hulala kwake. Serikali ikishindwa kujenga ghala katika kila kijiji, humfanya mtu awe ghala.

Nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilikuwa zimeshatia saini Itifaki ya Nairobi tarehe 21 Aprili 2004: daftari, hifadhi salama, alama kwenye kila bunduki ya serikali. Kilichoandikwa Brussels kilikuwa kimerudi baada ya miaka 114, na safari hii askari wa serikali hakuachwa nje. Mashine za kugonga alama zikaletwa. Bunduki zilizokusanywa zikaanza kuchomwa hadharani. Novemba 2016 zilichomwa 5,250 huko Ngong, na Juni 2021 Rais Uhuru Kenyatta akawasha moto wa nyingine 5,144. Mwaka 2019 serikali iliwaamuru homugadi wa Bonde la Ufa wazirudishe bunduki zao. Wezi wa mifugo hawakupewa amri hiyo. Mwaka 2023, ilipoanza Operesheni Maliza Uhalifu, serikali ikaanza kuwarudisha askari wa akiba na kuwapa bunduki tena.

Nilikutana Kitale na mzee mmoja kutoka upande wa Kacheliba aliyekuwa mmoja wa waliorudisha 2019. Alikuwa amemleta mjukuu hospitali. Tulikaa nje kwenye benchi, nikamuuliza alikuwa akiiweka wapi.

"Chini ya kitanda," alisema. "Kijana wangu, ungependa niiweke wapi? Mama watoto alilala juu yake miaka 14."

"Na risasi?"

"Kwenye mkebe wa majani ya chai. Alizihesabu yeye. Mimi macho yalikuwa yameanza kuchoka."

Akatoa Biblia ndogo kwenye mfuko wa koti. Ndani yake mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, imechakaa kwenye mikunjo: stakabadhi aliyopewa siku ya kuirudisha, yenye tarehe, sahihi na nambari ya bunduki. Alinipa niisome, na nilipokuwa bado nahangaika na mwandiko, yeye akaitaja nambari yote kwa kichwa, tarakimu moja baada ya nyingine, taratibu, kama mtu anayemtaja mtoto aliye mbali.